Nilichoisingizia Kutu

Garsen, Jumapili jioni

Sidi, mama,

Kwa mamlaka niliyojipa mwenyewe, na mbele ya mashahidi wawili, yaani mama yako na yule jogoo asiyejua saa, natangaza rasmi kwamba kiti cha plastiki cha kijani, kilichoitumikia nyumba hii kwa uaminifu tangu ulipokuwa darasa la tatu, kimeacha kazi leo saa kumi alasiri. Hakikuugua. Kilivunjika mguu chini ya baba yako mkubwa Kazungu, alipokuwa amefika kwenye neno "heshima". Wananchi wote wanaombwa kukaa mkekani hadi itakapotangazwa vingine.

Ulikuwa umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya, kwa hiyo hukuona. Walikuja watatu: kaka yangu Kazungu, na wadogo zetu wawili ambao kazi yao ilikuwa kutikisa vichwa Kazungu akisema. Walikuja kuizuia safari yako ya kesho. Kazungu alianza na Mungu, akapitia kwa marehemu nyanya yako, ambaye jina lake ndilo unalolibeba na ndiyo sababu nakuita mama, kisha akafika alikokuwa akienda.

"Karisa, mtoto wa kike chini ya lori. Tena Madogo. Tena kwa wafugaji. Utasikia wamemsilimisha, wamemwoza, na wewe umeletewa ng'ombe ishirini huna pa kuwafunga."

Nikamwambia pa kuwafunga patapatikana. Ndipo akaingia kwenye heshima, na kiti kikatoa maoni yake. Alipoinuka alisema ukienda, yeye hatafika kwenye mazishi yangu. Nilimjibu kwamba hilo litanisikitisha sana, ila siku hiyo sitakuwa na nafasi ya kumlaumu. Utakwenda. Hayo yameisha.

Najua barua ya mzazi ina mambo yake: kula vizuri, sali, jihadhari na watu, piga simu. Hayo mama yako amekwisha kukuambia mara nne, na mara ya tano ameiweka akiba kwa asubuhi. Nayaruka. Mimi nina jambo moja tu, ambalo Madogo wanalijua na wewe hulijui.

Gereji unayokwenda ni ya Halima, binti wa Mzee Godana. Mzee Godana alilala seli siku tatu kwa sababu yangu. Halima anajua. Mumewe anajua. Nadhani hata wale vijana wanaobadilisha magurudumu ya malori ya ng'ombe wanajua. Wewe ulikuwa shuleni, bweni, na uliporudi nikakwambia kwamba siku zile nilikuwa nimekwenda kijiji cha Wema kutengeneza pampu. Hakukuwa na pampu. Pampu za Wema zilikuwa salama kabisa, hazijawahi kuwa salama vile.

Siwezi kumkataza Kazungu asikuzuie halafu nikupeleke umefungwa macho katika nyumba ya watu niliowakosea. Soma hadi mwisho. Kisha uamue kama bado unakwenda, na kama bado unanisalimu.

Mzee Godana unamkumbuka: yule Muorma mrefu mwenye fimbo, anayepita hapa akielekea mnadani, anayesalimia baiskeli kabla ya kumsalimia mwenyewe. Alikuwa askari wa akiba. Zamani sana serikali ilimpa bunduki ya kulinda mifugo ya watu wake, na ilikuwa kuukuu hata siku ile aliyopewa: bunduki ya kijeshi, mti wake umefunika chuma hadi karibu na mdomo, nzito kama mtoto wa darasa la kwanza, ya vita ambavyo babu yangu mwenyewe alivisikia tu.

Mafuriko yale makubwa yalipokauka, agizo likatoka kituoni. Kituo sikitaji, wakubwa wake ni wateja wangu. Kila askari wa akiba alete silaha ikaguliwe. Masharti mawili: komeo lifunguke, na namba isomeke. Komeo ni kile chuma chenye mpini kinachovutwa nyuma ili risasi iingie. La Godana lilikuwa halivutiki. Namba yake, iliyogongwa ubavuni mwa chuma, ilisomeka bila shida.

Lazima uelewe uzito wa vitu hivyo viwili. Bunduki isiyofunguka ni uzembe. Mtu hukaripiwa akaenda zake. Bunduki isiyo na namba ni kesi, maana hakuna anayefuta namba ila mtu aliyeuza ya serikali akaleta nyingine. Na huku kwetu, baada ya yale tuliyotendeana wakulima na wafugaji, habari kwamba fulani ana bunduki iliyofutwa namba haiishii kituoni. Inatembea. Inafika vijijini kabla ya chakula cha mchana.

Godana akaniletea mimi. Fundi wa silaha wa polisi alikuwa mbali, barabara imekatika, na mkuu wa kituo akakubali nijaribu kwa sharti kwamba koplo wake akae kwenye kibanda changu cha baiskeli muda wote, na jioni airudishe bunduki kituoni. Koplo mwenyewe alikuwa mtu mnene wa sauti nyembamba, na akakalia mtungi wa mafuta uliopinduliwa kama mfalme. Jambo moja alilifanya sawasawa: kabla sijagusa kitu, alipitisha kijiti chembamba kwenye mtutu hadi kikagota, akashika alama kwa kidole gumba, akakilaza nje ya chuma kupima. Kikafika hadi kwenye komeo lenyewe. Hakukuwa na risasi ndani. Baada ya hapo aliona kazi yake imekwisha akaanza kunywa chai.

Malipo yalikuwa maziwa. Godana alisema, "Wewe Karisa, chuma yangu iko na homa. Kila asubuhi mama atakuletea maziwa, mpaka chuma ifunguke." Tukashikana mikono.

Nikalitazama lile komeo, nikaona wekundu kidogo kwenye ncha, nikasema: kutu. Mafuriko, maji, kutu. Sikuuliza swali hata moja. Mama, makosa mengine yote utakayoyasoma hapa ni watoto wa hilo. Mwenye kitu alikuwa amesimama mbele yangu, mtu aliyeishi na chuma kile kuliko alivyoishi na mkewe, na mimi sikumuuliza alikuwa akikitunza vipi. Nilidhani mfugaji hawezi kunifundisha habari za chuma. Hilo sikulisema kwa mdomo, lakini ndilo lililokuwa moyoni, na chuma husikia mambo hayo.

Siku ya kwanza, dizeli. Ya pili, dizeli na mafuta ya breki. Ya tatu nikaibana kwenye jiriwa katikati ya vipande vya mbao nikagonga mpini kwa nyundo ya mti. Ya nne, nyundo ya chuma. Komeo likakaa vile vile, limetulia kama mwenyekiti wa kamati. Watu wakaanza kusimama. Unaijua Garsen, mtu akishindwa na kitu kando ya barabara, hata mabasi ya Lamu yanapunguza mwendo. Kijana mmoja wa bodaboda akaniambia, "Fundi, labda haijazoea mikono ya baiskeli." Wakacheka. Koplo naye akacheka, na chai ikampalia, nikashukuru.

Siku ya tano niliamka na kiburi. Nikaona pale ubavuni, chini kidogo ya namba, kuna skrubu moja. Sikujua inashika nini. Niliamua kwamba hiyo ndiyo adui. Bisibisi yangu, ile uliyoizoea, niliisaga mwenyewe kwa kazi za baiskeli: pana, na ncha yake ni kabari. Skrubu za kijeshi mkato wake ni mwembamba, una kina, kuta zake zimesimama wima. Kabari haiingii mle. Inakaa juu juu, ukiizungusha inapanda, na ikipanda inatafuna. Ikatafuna. Nikaona kabisa kwamba inatafuna, nikaongeza nguvu.

Jiwe la kusagia lilikuwa nyuma yangu, umbali wa mkono. Nusu saa tu ningeisaga bisibisi nyingine ikaketi vizuri mle ndani. Lakini watu walikuwa wanatazama, na kusaga si kitu cha kutazamwa. Nikachukua keekee ya umeme.

Koplo alikuwa ameondoka kidogo kwenda kuongeza chai. Keekee juu ya kichwa cha skrubu kilichokwisha kutafunwa ni kama mlevi ndani ya mtumbwi. Haikutoboa. Iliruka, ikateleza kwenda juu, ikapita kwenye namba. Nilipoinua mkono, tarakimu mbili za mwisho hazikuwepo. Palikuwa na mfereji mmoja mweupe, unang'aa kama jino.

Nilitazama kwanza kama koplo anarudi. Kisha nikawa hodari. Wengi wanafikiri mtu akiogopa hupoteza akili. Mimi akili ilinijia yote, hata ambayo sikuwa nayo. Nilitoa ndimu kwenye chakula changu, nikaikamua juu ya chumvi, nikalowesha kitambaa, nikakifunga juu ya ule mfereji. Koplo aliporudi nikamwambia hii ni dawa ya kutu, isifunguliwe hadi asubuhi. Akaibeba hadi kituoni na bandeji yake, kama mgonjwa. Asubuhi tulipofungua, mfereji ulikuwa mwekundu, una maganda, una miaka kumi. Nikatikisa kichwa kwa huzuni. "Koplo, naona kutu imekula namba." Akaandika hivyo.

Sikuwa nimekusudia kumfunga mtu. Nataka uliamini hilo, ingawa halisaidii. Nilikusudia tu lawama iende kwa kitu kisicho na mdomo. Lakini lawama haikai hewani, mama. Mkuu wa kituo hakuwa mjinga. Aliona kwamba kutu haichimbi mfereji ulionyooka. Alichoona ni namba iliyofutwa kwa chombo zamani, kisha ikaota kutu. Akamwita Godana, akaniita na mimi.

Godana akasema namba ilikuwepo siku aliyoileta, na fundi aliiona kwa macho yake. Koplo alikuwa hakuitazama. Kazi yake ilikuwa kunitazama mimi, na hata hiyo aliigawana na chai. Kwa hiyo mkuu akanigeukia.

"Fundi, uliiona?"

Nikasema, "Bosi, mimi nilitazama komeo tu."

Godana alinitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe aliyemlea mwenyewe, siku ng'ombe huyo anapomwinamishia pembe. Kisha akavua viatu, wakamwingiza ndani.

Nilirudi nyumbani na nikamwambia Kazungu, kwa sababu alikuwa kaka yangu na nilitaka mtu wa kunikemea. Hakunikemea. Alisema, "Nyamaza. Mahindi yetu yalipoliwa na ng'ombe zao, nani alilala seli? Mwache naye aonje sakafu." Na mimi, baba yako, nikaona ana hoja. Si kwamba niliiamini hoja yenyewe. Niliipenda kwa sababu ilikuwa imeubeba woga wangu mgongoni. Tangu siku hiyo, kila nikisikia mtu akisema "sisi" na "wao" kwa sauti kubwa, huwa natazama kwanza ni nini anachokificha yeye mwenyewe. Mara nyingi kipo.

Asubuhi iliyofuata nikafungua kibanda. Mama Halima, mke wa Godana, alikuwa amekwisha kufika, ametembea kutoka malishoni, kibuyu mkononi.

Nikamwambia, "Mama, mzee yuko ndani. Kazi imesimama."

"Mzee alisema maziwa mpaka chuma ifunguke. Imefunguka?"

"Bado."

"Basi shika."

Nikashika. Nilifika nayo nyumbani, mama yako akayachemsha, yananukia ule moshi wao wa kufukizia vibuyu, na nikasema tumbo linaniuma. Siku ya pili akaja tena. Hakulia, hakunilaumu, hakuniuliza chochote. Sijui hata kama alikuwa anajua. Alikuwa anatimiza neno la mumewe, basi, kama mtu anavyofunga mlango. Nikasema tena tumbo. Mama yako akaniangalia akasema tumbo gani hilo linaloumwa na maziwa ya watu waliofungwa tu. Sikuwa nimemwambia kitu. Alikuwa amejua kwa jinsi nilivyokuwa nikikunja shati langu.

Siku ya tatu niliogopa kumtazama usoni yule mama, na ili nisimtazame nikamuuliza swali, swali lolote, nijaze hewa. Nikauliza mzee alikuwa anaitunza vipi bunduki yake.

"Samli," akasema. "Kila mwaka mvua ikiisha, anapaka samli chuma yote, ndani na nje. Anapaka kama nywele ya bibi arusi. Halafu anafunga na ngozi, anaweka juu, kwa moshi."

"Tangu lini?"

"Halima hajazaliwa."

Mama, nilikaa chini pale pale, juu ya ule mtungi wa koplo. Haikuwa kutu. Ule wekundu wa nje ulikuwa wa mafuriko ya juzi, hauna mizizi. Kilicholishika komeo kilikuwa samli: mwaka juu ya mwaka, na vumbi la nyanda, na moshi wa nyumba, imekauka ikawa gundi. Dizeli ilipita juu yake tu. Nyundo yangu ilikuwa ikiishindilia. Siku tano nilipigana na upendo wa mtu kwa kitu chake nikidhani ni uzembe wake.

Nikavaa viatu nikaenda kituoni. Kazungu alinikuta njiani, mtu wa bodaboda alikuwa amempigia simu, akaniambia nikiingia mle nisirudi kwake. Nilikuwa sikai kwake, kwa hiyo niliendelea.

Mkuu alikuwa anakula. Nikamwambia kila kitu kwa mpango: bisibisi, keekee, mfereji, ndimu, chumvi. Akaacha kutafuna nilipofika kwenye ndimu.

"Unajua kosa la kuharibu mali ya serikali, fundi?"

"Najua, bosi. Ndiyo maana nilisema ni kutu."

Hakucheka. Nikaomba maji yanayochemka. Koplo akapinga, kwa sababu maji pekee yaliyokuwa yanachemka kituoni yalikuwa ya chai yake, lakini mkuu akaamuru birika liletwe. Nikaweka bunduki juu ya karai nikamimina taratibu kwenye komeo. Mara ya kwanza yakatoka maji meusi. Mara ya pili harufu ikapanda, chumba chote cha ripoti kikanukia samli, kama jikoni siku ya harusi, na mahabusu wawili kule ndani wakauliza kuna nini. Mara ya tatu nikaweka kidole kimoja chini ya mpini, nikauinua, nikavuta. Komeo likateleza nyuma na kutoka, jepesi, kama mtu aliyekuwa akingoja kuombwa.

Jioni ile wakamtoa Godana. Jinsi alivyotoka hasa nitakwambia mwisho. Kwanza niache nikae kidogo na hii sura ya baba aliyesema kweli, maana sivai nguo hiyo mara nyingi. Alisimama mlangoni akinyoosha mgongo. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Alinitangulia.

"Karisa. Siku tatu. Ng'ombe yangu moja imezaa, sijaona."

Hakusema lingine, hadi leo. Nimejaribu miaka hii kutafuta jibu lake na sijalipata. Kuna hasara ambayo huwezi kuilipia hata ukitaka, kwa sababu ilikuwa asubuhi moja, na imekwisha.

Mimi nikaingia ndani kwa zamu yangu, usiku mmoja, na baadaye nikafyeka nyasi za kituo hadi mkuu alipochoka kuniona. Lakini asubuhi ile, nikiwa bado seli, koplo akafungua kidirisha akasema una mgeni. Alikuwa Mama Halima, na kibuyu.

"Ya mwisho," akasema. "Chuma imefunguka."

Niliyanywa yote, mama. Nikiwa nimesimama, mbele ya mahabusu wawili walionitazama kama mwizi, na hawakukosea.

Wewe ulirudi likizo wiki mbili baadaye. Nikakudanganya habari za Wema, na siku hiyo hiyo nikakwambia uje kibandani. Ulishangaa, maana nilikuwa nimekufukuza pale. Hilo nalo nataka kulisema. Ulipomaliza darasa la nane ulikuwa unakuja kila siku, unapenda kufungua kabureta kuliko kula, na wateja wakaanza: "Fundi, Mungu alikunyima wa kiume?" Nilicheka nao. Kisha nikakwambia nenda ukamsaidie mama yako. Mwaka mzima hukuniuliza kitu chochote kuhusu injini. Nilijiambia kwamba umepoteza hamu. Watoto ndivyo walivyo. Ilikuwa kutu yangu nyingine ile. Sikukuuliza, nilijipa jibu, na nikagonga.

Kwa hiyo ukiniuliza nimejifunza nini kwenye ile seli, si mengi. Nimejifunza kusaga bisibisi iingie kwenye mkato, hata watu wakisubiri. Nimejifunza kwamba kitu kikigoma, kabla ya kuuliza kinahitaji nguvu kiasi gani, uliza kimeshikwa na nini. Tena muulize mwenyewe. Hayo mawili yalinichukua umri wa miaka arobaini na minane na heshima ya mtu mwingine. Yachukue bure.

Halima aliponipigia simu kukuomba, nilidhani anatania. Akasema ana malori matatu yamekufa na vijana wanaojua nyundo tu. "Niletee binti yako. Watu wameniambia anafungua kitu bila kukiumiza. Lakini bisibisi yako wewe, ibaki Garsen." Unaona jinsi wanavyoijua habari. Utataniwa. Siku ya kwanza kuna atakayekuletea ndimu kwenye sahani, nakuhakikishia. Usinitetee. Sema, "Ndiyo, na alitia chumvi pia." Cheka nao, kisha ingia chini ya lori. Aibu ile ni yangu, nimeishika kwa mikono miwili, na sitaki uniazime mkono wako.

Na Kazungu amesema kesho atasimama barabarani. Mwache asimame, barabara ni ya serikali. Mpite, umwamkie kwa heshima zote, shikamoo kamili, kisha uende. Akikuuliza wewe ni wa wapi sasa, wa wakulima au wa wafugaji, mwambie ni wa gereji. Mimi sijui mpaka kati yao na sisi umepita wapi. Najua tu kwamba siku ile mkuu aliponiuliza kama niliiona namba, ulipita katikati ya kinywa changu, na aliyeuchora ni mimi. Sitauchora tena kwa kukukalisha nyumbani. Wakitutenga, tutatengwa tukiwa wengi: mimi, mama yako, jogoo. Tumewahi kuwa na mikutano midogo kuliko huo.

Nenda, mama. Usirudi kwa sababu ya maneno ya mtu. Rudi kwa sababu umetukumbuka, au kwa sababu Idi au Krismasi wamekupa likizo, zote mbili sasa ni zako.

Ni mimi baba yako,
Karisa

Nimetia sahihi hapo juu makusudi, kwa sababu haya ya chini hayana sifa ya kutiwa sahihi.

Nilisema nitakwambia jinsi Godana alivyotoka. Si mimi niliyemtoa. Mkuu hakuniamini, alisema wafugaji wamenihonga maziwa, na akayaandika maungamo yangu yote kwa mistari miwili. Nilipokwisha kulitoa komeo, koplo alilichukua ili tu aliondoe karibu na birika lake, akapangusa mpini kwa kitambaa cha chai, akaugeuza upande wa nyuma. Namba ile ile ilikuwa imegongwa pale pia, tarakimu zote, chini ya samli, na mkuu alipoilinganisha na daftari lake la silaha akaona bunduki ni ile ile aliyopewa Godana. Mpini ndio sehemu ya komeo inayokaa nje. Nilikuwa nimeushika kwa siku tano.